Ndiyo ya Kimya

Kinyozi alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake, lakini siku binti yake alipoapishwa kuwa wakili, jina hilo alilizika mwenyewe, tena bila matanga. Ukitaka aitike, sharti umwite Baba Wakili. Ukimwita vingine, aliendelea kunoa wembe kana kwamba ni redio ya jirani inayozungumza. Picha ya binti, akiwa ndani ya joho jeusi, aliitundika juu ya kioo kikubwa, ikawa kila anayekaa kwenye kiti anajiona yeye mwenyewe chini na wakili juu. Na mteja asipouliza, kinyozi humchokonoa.

"Unamtazama huyo? Huyo wa kwangu."

Wateja walimvumilia, maana mkono wake ulikuwa mwepesi na sifa za mtoto haziwashi ngozi. Fahari hiyo ndiyo iliyokuwa utajiri wake, naye aliitumia bila ubahili, hadi jenereta ya zahanati ilipoibwa.

Jenereta yenyewe haikuwa kitu cha kuibwa hivi hivi. Mtaa mzima ulichanga ndipo ikapatikana. Umeme ukikatika, ndiyo iliyowasha taa za chumba cha wazazi, na nyumba nyingi zilikuwa na mtoto aliyezaliwa chini ya taa hizo. Basi asubuhi moja stoo ikakutwa wazi, jenereta haipo, kufuli halina hata mkwaruzo, na mlinzi wa zahanati ana ufunguo mfukoni. Kwamba mlinzi ndiye aliyeajiriwa kukaa na ufunguo, hilo halikumjia mtu kichwani.

Mlinzi huyo alikuwa na kimo kirefu na maneno mafupi. Walimwita Kimya. Ukimsalimia anaitikia, ukimwuliza anajibu neno moja, kisha anatazama pembeni kama aliyemaliza akiba. Watu walimkokota kutoka getini, na kwa kuwa duka la kinyozi linatazamana na zahanati, walipofika barabarani tayari kuna aliyeshika jiwe. Hapo kinyozi akatoka mlangoni, wembe bado mkononi, povu la sabuni likimdondoka.

"Mleteni ndani," alisema. "Na kwenye kiti changu hapigwi mtu. Anayetaka kupiga akapige kwake."

Wembe ni wembe, wakamwachia. Kimya akakalishwa kwenye kiti cha kuzunguka, askari akaitwa, duka likajaa hadi watu wakapanda juu ya benchi. Askari akamwuliza Kimya swali moja. Kimya akajibu, "Ndiyo." Kilichofuata kilikuwa kishindo. "Amekubali! Amekubali mwenyewe!" Askari akaandika, akamtia pingu, akaondoka naye.

Kinyozi alivimba kwa fahari siku kadhaa. Si yeye aliyemwokoa mtu asiuawe? Si yeye aliyesikia mwizi akikiri, tena kwenye kiti chake? Polisi walimwandika kuwa shahidi, naye akawa anaisimulia habari hiyo kwa kila kichwa kilichoinama mbele yake. Dukani kwake kesi ilisikilizwa, ikahukumiwa na kufungwa kila siku, bila hakimu wala rufaa. Dalali mmoja wa nyumba, ambaye alikuja kila asubuhi kusoma gazeti la bure na hakunyolewa hata mara moja, ndiye aliyetoa hukumu. "Siku za mwizi arobaini," alisema. "Na lisemwalo lipo."

Ndipo habari ikaja kwamba Kimya hana uwezo wa kuweka wakili, kwa hiyo mahakama imempangia mmoja. Na wakili aliyepangiwa ni yule wa kwenye picha, juu ya kioo.

Dalali hakuchelewa. Kesho yake alisimama mlangoni na kupaza sauti hadi ng'ambo ya barabara: "Habari za asubuhi, Baba Mtetea Wezi!"

Watu walicheka sana. Jina likashika. Na mtu akishacheka jina lako, kukaa tena kwenye kiti chako ni vigumu. Wateja wakaanza kumgundua kinyozi wa mtaa wa pili, mwenye mkono mzito na kioo kilichopasuka. Baba Wakili akawa anapiga deki duka ambalo halikuwa na nywele sakafuni. Hakuiteremsha picha. Lakini aliacha kuwauliza watu kama wanaitazama.

Jumapili binti alikuja kuwaona wazazi. Alimwamkia mama yake, akamwamkia baba yake, akavua viatu, akaingia jikoni kama kawaida. Kinyozi alingoja hadi chakula kipo mezani.

"Mama," alianza. Alimwita binti hivyo tangu utotoni, maana alibeba sura ya bibi yake mzaa baba. "Hivi huko mjini mawakili wameisha wote?"

"Baba, tulishakubaliana. Kesi haivuki kizingiti hiki. Wewe ni shahidi, mimi ni wakili. Tukiizungumza hapa tutaiharibu."

"Kwa hiyo nikae mezani na mwanangu kama watu waliogombana?"

"Tuongee mengine."

"Mengine yapi? Mtaa mzima una neno moja tu!"

Mama wa nyumba akasogeza bakuli. "Ongea chumvi, mume wangu. Leo imezidi."

Kinyozi alitafuna kimya, lakini kimya hakikuwa kipaji chake. "Haya, nakuuliza lisilo la kesi. Mtu yeyote, popote. Akishakiri kwa kinywa chake, wakili wa nini?"

"Hata aliyekiri anahitaji mtu wa kuuliza alikiri nini."

"Na mtu hana hatia mpaka ihakikishwe, siyo? Nimeyasikia hayo. Na wanawake wanaozaa gizani, wao wahakikishe nini?"

Binti aliweka kijiko chini. Alikuwa na kawaida ya kunyamaza kidogo kabla ya kusema, tangu akiwa mdogo, na kawaida hiyo ilimtisha baba yake kuliko kelele. "Wanastahili jenereta yao, baba. Tukimfunga mtu asiyeichukua, jenereta hairudi, na aliyeichukua analala usingizi mnono."

"Hayo ndiyo mnayofundishwa huko chuoni."

"Hilo sikufundishwa chuoni," alisema binti, akaanza kukusanya sahani, na hakuongeza neno.

Siku ya kesi kinyozi alivaa koti lake la harusi za watu. Kwenye korido ya mahakama alimwona binti yake anakuja na mafaili kifuani, joho likimpepea miguuni. Binti alimwinamia kidogo mbele ya wote. "Shikamoo, baba." Akaitikia, "Marahaba," na pamoja na hasira zote alizokuwa nazo, akatupa jicho kuhakikisha dalali ameona.

Chumba cha mahakama kilikuwa na feni moja iliyozunguka kwa kulalamika na mabenchi yaliyojaa watu wa mtaani. Hakimu alikuwa mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Wakili alikuwa ameshaieleza mahakama kwamba shahidi ni baba yake mzazi. Mwendesha mashtaka alisema hana pingamizi, kwani kwa mahesabu yake baba ndiye angeibeba kesi mgongoni. Kimya naye alikuwa ameulizwa kama anataka wakili mwingine, akajibu neno moja: "Hapana."

Alisimama kizimbani ameshika ubao kwa mikono miwili. Kinyozi alimtazama kama kinyozi anavyomtazama mtu, kuanzia juu. Nywele zimesokotana, ndevu zimeota bila mpango, shingoni kuna vipele vya kukosa maji. Mahabusu ilikuwa imemla. Kinyozi akageuza macho haraka.

Ushahidi wake kwa upande wa mashtaka ulikwenda kama maji kwenye mfereji. Aliulizwa, akajibu, akaongeza chumvi kidogo, akaambiwa aipunguze. Mtu huyu aliletwa dukani, askari akamwuliza kuhusu wizi, akasema ndiyo. Watu wa mabenchi wakatikisa vichwa. Mwendesha mashtaka akakaa ameridhika.

Wakili akasimama.

"Shahidi," alisema.

Neno hilo lilimchoma. Tangu azaliwe mtoto huyu hajawahi kumwita baba yake kitu kisicho baba.

"Naam, mwanangu."

Hakimu akavaa miwani. "Shahidi, humu ndani huna mwana. Una wakili."

"Samahani, mheshimiwa. Mazoea yana tabu."

Watu wakacheka. Binti hakucheka. "Shahidi, umesema askari alimwuliza mshtakiwa. Alimwuliza kwa maneno gani?"

Hapo kinyozi alijiona yuko nyumbani. Kama kuna kitu alichojivunia baada ya binti yake, ni masikio yake. "Wakili, kinyozi mkono wake uko kichwani kwa mtu, lakini sikio lake liko duka zima. Nakumbuka neno kwa neno. Askari alimkazia macho, akasema: 'Wewe! Hukuiba jenereta?' Naye akajibu: 'Ndiyo.'"

"'Hukuiba jenereta?' Hayo ndiyo maneno ya askari?"

"Kama ninavyokuona."

"Mheshimiwa, swali hilo halimo katika maelezo ya polisi. Limeandikwa jibu tu."

Mwendesha mashtaka akainuka nusu. "Jibu ndilo lenye uzito, mheshimiwa."

"Basi nimalizie na moja," alisema wakili, akamgeukia baba yake. Alinyamaza kidogo, ile kawaida yake. "Shahidi, nakuuliza wewe sasa. Hukuiba jenereta ya zahanati?"

Kinyozi alihisi damu imepanda hadi masikioni. Mtoto aliyembeba mabegani, aliyemsuka nywele kwa mikono yake mwenyewe wakati mama yake alipokuwa mgonjwa, anamwuliza wizi! Mbele ya hakimu! Mbele ya dalali! Akatoa kifua.

"Ndiyo!" alinguruma.

Wakili hakuendelea. "Mheshimiwa, naomba karani asome jibu la mwisho la shahidi. Jibu peke yake."

Karani, kijana wa watu asiyetaka ugomvi na yeyote, akainamia mashine yake na kusoma kwa sauti ya chini: "Ndiyo."

Kwanza alicheka mmoja, nyuma kabisa. Kisha chumba kizima kikapasuka, hata askari wa mlangoni akajifunika mdomo kwa kofia. Mwizi kapatikana! Kinyozi alishika ubao wa kizimba cha mashahidi.

"Sivyo! Mheshimiwa, mimi nimesema ndiyo, sikuiba! Ndiyo, ni kweli, sikuiba! Kila mtu humu anajua nilimaanisha nini!"

"Umesema 'ndiyo', shahidi," alisema wakili, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Hayo mengine yalikuwa moyoni. Sasa umepewa nafasi, umeyatoa, na karani ameyaandika. Mshtakiwa alipojibu 'ndiyo', alipewa nafasi ya kuyatoa ya moyoni mwake?"

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kinyozi aliwaona watu wake wote wamemkodolea macho, wale aliowanyoa tangu wakiwa na nywele za utotoni. Dalali alikuwa mbele kabisa, anamtikisia kichwa polepole: sema alipewa. Neno moja tu. Akilisema, kesho benchi linajaa, jina lake linarudi, na Kimya anakwenda gerezani kwa miaka ambayo hakuna atakayeihesabu isipokuwa yeye mwenyewe.

Tena hakuhitaji hata kudanganya sana. Angeweza kusema hakumbuki. Lakini alikuwa amejisifu kwa masikio yake muda si mrefu, na masikio hayo yalikumbuka. Yalikumbuka kwamba baada ya lile neno Kimya alivuta pumzi kama mtu anayetaka kuendelea.

"Hakupewa," alisema.

"Ilikuwaje?"

"Alifungua mdomo. Alisema 'ndiyo', halafu akataka kusema kitu, tukamzidi kelele. Kuna aliyemziba mdomo kwa kiganja." Akamgeukia hakimu. "Na mimi nilipiga kelele, mheshimiwa. Dukani kwangu. Nilisema hapigwi mtu, na kweli hakupigwa. Lakini hakusikilizwa pia."

Hakuna aliyecheka safari hii. Wakili aliinamisha kichwa kwenye mafaili yake kwa muda uliozidi kidogo haja ya mafaili. Kisha akasema, "Sina swali zaidi kwa shahidi," akakaa.

Mwendesha mashtaka alijaribu kuokoa jahazi. "Lakini shahidi, wewe pale dukani ulielewa kwamba amekiri?"

"Nilielewa nilichokuwa nataka kuelewa," alisema kinyozi. "Kama nyinyi mlivyoelewa mimi ni mwizi dakika tatu zilizopita."

Uamuzi ulisomwa wiki iliyofuata. Hakimu hakuwa mtu wa mapambo. Alisema jibu lililoandikwa bila swali lake si ungamo, na mtu aliyezibwa mdomo hajasema. Akasema ufunguo wa stoo walikuwa nao watu watatu, na mpaka siku hiyo hakuna aliyejisumbua kuwauliza wale wawili wengine. Akawaagiza polisi wakafanye kazi yao. Kimya hana kesi ya kujibu, aachiwe huru.

Nje, kwenye ngazi za mahakama, binti alimkuta baba yake amesimama peke yake, koti la harusi mkononi.

"Baba, nisamehe kwa siku ile. Nilikuaibisha mbele za watu."

"Uliniaibisha," alikubali kinyozi. "Uliniumbua kweupe. Nimekaa kwenye kazi ya maneno tangu hujazaliwa, hakuna mtu aliyewahi kunifunga kwa neno moja kama kuku." Akajaribu kukunja uso, uso ukakataa. Kila alipoukunja, ulifunguka wenyewe kwa tabasamu. "Ulijuaje kwamba nitajibu 'ndiyo'?"

"Nani hajibu hivyo? Sote tunajibu hivyo. Na nilijua ukikasirika hujibu kwa maneno mengi." Akayahamishia mafaili kwapani. "Lakini lile la pili sikulijua, baba. Ulipotulia pale, nilikuogopea."

"Uliniogopa?"

"Nilikuogopea. Nilisema, nimemwuliza baba yangu kitu kitakachomgharimu duka lake." Akamshika mkono, palepale kwenye ngazi, joho na yote. "Ulisema haya ndiyo tunayofundishwa chuoni. Siku ile walipomtaka Kimya kwa mawe, mama alinipigia simu akalia, akasema, 'Baba yako amesimama mlangoni peke yake.' Mimi hapo ndipo nilipojifunza. Chuoni walinipa majina tu."

Machozi yalimtoka kinyozi, naye hakuyafuta, maana mtu mwenye mtoto kama huyo ana haki ya kulia mbele za watu.

Wateja hawakurudi kwa mkupuo. Watu hawapendi kuambiwa walikosea, hasa na mtu atakayewashika shingo. Lakini wale wachache waliokuja walisimuliwa kesi nzima, na kinyozi aliigiza sehemu zote: hakimu kwa miwani ya kubuni, karani kwa sauti nyembamba, na yeye mwenyewe akinguruma "Ndiyo!" hadi vibandiko vya ukutani vikatikisika. Katika simulizi hiyo alishindwa vibaya zaidi kila siku. Alivyoshindwa zaidi, ndivyo binti yake alivyopata kimo.

Asubuhi moja mlangoni kiliingia kivuli kirefu. Kimya alisimama kizingitini, nywele na ndevu zile zile za mahabusu. Alikitazama kiti.

Kinyozi akakipangusa kiti kwa taulo safi, akakizungusha kimwelekee mgeni, akamkaribisha kwa mkono. Kimya akakaa. Kinyozi akamfunika shuka jeupe, akalifunga shingoni polepole, akawa mwangalifu na vile vipele. "Nikupe pole au nikuombe radhi?" aliuliza hatimaye.

"Vyote," alisema Kimya.

"Vyote unavyo."

Alikuwa amemaliza shavu moja dalali alipofika na gazeti la bure akilini. Aliona nani yuko kwenye kiti, akasimama mlangoni asiingie.

"Baba Mtetea Wezi! Huoni haya kumkalisha huyo kwenye kiti cha watu?"

Kinyozi hakugeuka. "Ndiyo," alisema.

Dalali alisubiri nyongeza, haikuja. Akakunja kipaji. "Sasa hiyo ndiyo gani? Ndiyo unaona haya, au ndiyo huoni?"

Wembe ukasimama hewani. Kinyozi akageuka taratibu, akamtazama dalali toka viatu hadi kofia, na uso wake ulikuwa umejaa furaha tele.

"Aa! Kumbe unajua kuuliza!" alisema. "Siku ile ungeuliza hivyo, mtu huyu angelala kwake."

Dalali akashuka ngazi, akavuka barabara bila kutazama magari. Kinyozi alimaliza shavu la pili, akapangusa povu, akapaka spiriti. Kimya alikunja uso kidogo, hakulalamika. Kisha kinyozi akakizungusha kiti hadi kioo kikawa mbele yao: chini uso msafi wa mlinzi, juu binti katika joho jeusi.

"Unamtazama huyo?" aliuliza Baba Wakili. "Huyo wa kwangu."

Kimya aliitazama picha kwa muda mrefu, akavuta pumzi kama siku ile. Safari hii duka zima lilimngoja.

"Na wangu," alisema.